Kayabo, Vidonge vya Mafua na Figo

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huuzwa kayabo: sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi nyingi na kuanikwa juani. Sehemu kubwa husafirishwa kwenda Kongo, nyingine huliwa hapa hapa. Chumvi hiyo haina budi kutoka mwilini, na mzigo wa kuitoa ni wa figo.

Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, kisha huyarudisha karibu yote. Zaidi ya asilimia 99 ya sodiamu iliyochujwa hurejea katika damu, hivyo badiliko dogo la urejeshaji huo hutosha kulimbikiza chumvi.

Wenye amri hapo ni neva zitoazo noradrenalini, nduguye adrenalini. Ikigusa vipokezi vya alfa, mishipa midogo iingizayo damu kwenye vichujio hujibana, mchujo hupungua, na mirija ya figo hurudisha sodiamu zaidi. Ikigusa vipokezi vya beta, figo hutoa renini, ambayo huanzisha mfululizo wa kubana mishipa na kuhodhi chumvi.

Efedrini na pseudoefedrini, zilizomo katika baadhi ya vidonge vya mafua, hupita njia iyo hiyo. Huzibua pua kwa kubana mishipa yake, lakini haziishii puani. Mwenye shinikizo la juu la damu amwambie muuza dawa hali yake kabla ya kununua. Kayabo nayo ilowekwe, na maji yake yamwagwe. Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai.

Propranololi na atenololi hufanya kinyume: huzuia vipokezi vya beta, na renini hupungua. Zisiachwe ghafla, kwani moyo huweza kwenda mbio na shinikizo likapanda upya.

Metildopa, wapewayo mara nyingi wajawazito, hutuliza neva hizo kuanzia ubongoni. Hata hivyo, shinikizo likishuka, figo huweza kujihami kwa kuhodhi chumvi, na miguu ikavimba. Lakini mhudumu asiulaumu upesi uvimbe wa mjamzito kuwa ni wa dawa. Kwanza apime shinikizo, kisha protini katika mkojo, kwa kuwa kifafa cha mimba nacho huanza hivyo hivyo.