Kutokwa na Damu Baada ya Kupandikizwa Uboho: Dalili za Kutopuuzwa

Wakaazi waliopandikizwa seli shina kutoka kwa mtu mwingine, pamoja na familia zinazowatunza, wanahimizwa kufika hospitalini mara moja waonapo dalili yoyote ya kutokwa na damu, hata ikiwa ndogo.

Tiba hii hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu na selimundu. Wakenya wengi wanaoihitaji husafiri hadi India, kisha huendelea kutunzwa nyumbani.

Kwa nini damu haikomi

Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali zinazoua uboho wake. Hapo mwili huacha kutengeneza chembe sahani, zile zinazoziba jeraha. Mtu mwenye afya huwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Kwa mgonjwa huyu zinaweza kushuka chini ya 10,000, na mara nyingi ndizo huchelewa zaidi kurejea.

Isitoshe, chembe za kinga za mtoaji zinaweza kushambulia utumbo wa mgonjwa na kuusababishia vidonda. Kibofu nacho huweza kuvuja damu kutokana na dawa au virusi. Damu ikivujia kwenye mapafu au ubongo, maisha huwa hatarini kwa muda mfupi.

Dalili za hatari

- Kinyesi cheusi kama lami au chenye damu
- Mkojo mwekundu
- Damu ya pua au fizi isiyokoma
- Vidoa vidogo vyekundu. Kwa ngozi nyeusi, angalia pia ndani ya mdomo
- Kukohoa au kutapika damu
- Maumivu makali ya kichwa, kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu

La kufanya na la kuepuka

Usinunue aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kwenye duka la dawa bila idhini ya daktari anayekutibu. Usikubali kudungwa sindano ya msuli kabla ya kumweleza mhudumu kuwa ulipandikizwa uboho. Tumia mswaki laini.

Beba barua ya hospitali iliyokupandikiza kila uendapo kliniki. Kundi lako la damu huenda limebadilika likawa la mtoaji, na damu utakayoongezwa huhitaji kwanza kupitishwa kwenye miale maalum.

Mchango wa wakaazi

Chembe sahani hutoka kwa wachangiaji damu pekee, na kwa kawaida hudumu takriban siku 5 tu. Haziwezi kuwekwa akiba kwa miezi. Kwa kuwa wachangiaji wengi ni wanafunzi, upungufu huzidi shule zinapofungwa.

Mkaazi yeyote mwenye afya njema, umri wa miaka 16 hadi 65 na uzani wa angalau kilo 50 anaweza kuchangia: wanaume kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4. Uliza katika hospitali ya rufaa ya kaunti au kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako.