Matangazo ya Santuri na Bia: Ushahidi Usiostahili Kutupwa

Ni desturi ya wengi, wanapolifungua gazeti la zamani, kuisoma habari na kuliruka tangazo. Habari huhesabiwa kuwa ndiyo kazi ya gazeti, na tangazo la biashara huonekana ni njia tu ya kulipia karatasi na wino. Nasi tulikuwa na fikra hiyo hiyo. Lakini kila tunapokaa barazani na wazee wetu, na gazeti lililogeuka manjano likapita mikononi mwao, tunaona jambo jingine. Hotuba ya gavana huwapita bila neno. Bali wanapoifikia picha ya redio ya mbao, au ya bwana aliyevaa suti akiinua bilauri yenye povu, hapo mazungumzo huanza: nani alikuwa na redio kama hiyo mtaani, nani aliiazima asiirudishe, na nani aliyekatazwa na mamaye asipite karibu na kilabu.

Hamu hiyo ya mambo ya kale si upuuzi. Ndani yake mna ushahidi ambao hotuba za wakubwa hazina.

Tuanze na santuri. Nembo iliyojulikana kuliko zote katika biashara hiyo ni ile ya mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni, akiisikiliza sauti ya bwana wake. Picha ile ilichorwa na Mwingereza Francis Barraud, na mbwa mwenyewe aliitwa Nipper. Mwaka 1899 mchoraji aliiuza kwa Gramophone Company kwa jumla ya pauni 100, baada ya kukubali kuifuta mashine ya kampuni nyingine aliyokuwa ameichora na kuweka gramafoni mahali pake. Tangu hapo mbwa yule alitembea dunia nzima, na kwetu pia akafika. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari na wanamuziki wenzake hadi Bombay, akarekodiwa na kampuni hiyo hiyo. Santuri zake ziliporudi mwambao, katika nyumba ambazo mbwa wa kweli hakuruhusiwa kuvuka kizingiti, mbwa wa karatasi alizunguka mara 78 kwa dakika huku Siti akiimba. Upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika tatu, kisha sindano ikabadilishwa na mkono ukazungusha mashine tena. Watu walicheka, lakini walinunua.

Ipo maana kubwa katika jambo hilo. Kampuni ya Ulaya haikumrekodi Siti kwa ajili ya kuienzi lugha yetu. Ilimrekodi kwa kuwa ilikwisha kutambua kwamba Mswahili naye ana fedha mfukoni na sikio la kuchagua. Huo ulikuwa ni utambuzi wa mfanyabiashara, wala si wa mtawala. Hata hivyo, ulitangulia mambo mengi ambayo watawala walichelewa kuyakiri.

Redio nayo ina hadithi yake. Kabla ya transista, redio ilikuwa kabati: mbao zilizopigwa msasa, kitambaa mbele ya spika, na valvu ndani zilizohitaji umeme wa nyumba au betri kubwa nzito. Matangazo ya zama zile yaliionyesha ikiwa sebuleni, familia imeizunguka kana kwamba ni mgeni wa heshima. Kisha, mwaka 1954, redio ya kwanza ya transista ikauzwa Marekani, na katika miaka iliyofuata picha zikabadilika. Redio ikatoka sebuleni, ikawa na mkono wa kushikia, ikaenda shamba na baharini. Sauti ya Unguja, iliyoanza mwaka 1951, ikaweza kusikika hata mahali ambapo nguzo ya umeme haikupata kusimama. Jambo ambalo tangazo halikulisema ni bei ya betri. Nani kati ya watu wa umri wetu hakupata kuona betri zimepangwa juani, zikiotwa jua ili zitoe japo taarifa ya habari moja zaidi?

Sasa tuje kwenye bia, na hapa hapana budi tuseme kwa uwazi. Sisi wa visiwani, ambao wengi wetu ni Waislamu, hatuna sababu ya kuililia bia. Lakini matangazo yake yana somo ambalo Mwislamu na asiye Mwislamu anaweza kulisoma. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa mwaka 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waasisi wake, George Hurst, aliuawa na tembo, na bia ya kiwanda hicho ikapewa jina la Tusker kwa ajili ya tukio hilo, na kichwa cha tembo kikawekwa kwenye chupa. Kwa zaidi ya miaka ishirini bia hiyo haikukusudiwa Mwafrika, kwani nchini Kenya sheria ya kikoloni ilimzuia kununua bia ya chupa hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Katazo lilipoondoka, mtu yule yule ambaye jana angekamatwa kwa kuishika chupa, leo akaombwa ainunue. Hakuna kitabu cha sheria kinachoonyesha mgeuko huo waziwazi kama kurasa za matangazo zinavyouonyesha.

Ni dhahiri pia kwamba matangazo yalisema uwongo. Mwaka 1929 Guinness ilianza kuwatangazia watu wa Uingereza kwamba kinywaji chake ni kizuri kwa afya yao, na wengi wakaamini. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Basi anayeyatamani matangazo ya kale na ayatamani kwa macho mawili: moja la kufurahia mchoro, na la pili la kuuliza ni nani aliyedanganywa.

Kwa sababu hizo, tunawaomba wakuu wa idara zinazohusika na nyaraka, makumbusho na habari walitazame jambo hili. Jumba la Beit al-Ajaib lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, sote tuliona jinsi kumbukumbu inavyoweza kuondoka mchana mweupe. Karatasi huondoka kimya zaidi. Mchwa na unyevu wa bahari havipigi kelele. Magazeti ya zamani yanaponakiliwa, na inakiliwe kurasa nzima, si habari peke yake. Mtumishi anayekata habari ya waziri na kutupa sehemu iliyobaki hajui kwamba pengine ametupa sehemu yenye thamani kubwa zaidi kwa mjukuu wake.

Wananchi nao wana wajibu. Kalenda ya duka la marehemu babu, kibati cha sindano za gramafoni, bango lililoning'inia dukani, hata jalada la santuri iliyovunjika, visichomwe pamoja na takataka za kufunga mwaka. Vipelekwe Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, waulizwe wataalamu kama vinafaa.

Mtawala aliandika alivyotaka akumbukwe. Mfanyabiashara, kwa kutafuta faida yake tu, aliandika jinsi tulivyoishi, tulichokitamani na tulichonyimwa. Hatuna deni la shukrani kwake, lakini tuna haja na ushahidi wake.