Ngazi ndefu hadi Mahakama ya Rufani

Akina mama wa Bashay, tunapowaza binti zetu watakuwa nani, kwa kawaida tunataja ualimu na uuguzi, na hizo ni kazi njema. Ujaji hatuutaji. Labda ni kwa sababu wengi wetu jaji tunamsikia redioni tu. Basi tumfuate mwanamke mmoja aliyeipanda ngazi hiyo yote, Jaji Effie Owuor wa Kenya, ambaye sheria aliisomea hapa kwetu, Dar es Salaam.

Kitivo cha sheria cha Dar kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wakati huo Afrika Mashariki haikuwa na kingine, kwa hiyo vijana wa Kenya na Uganda nao walikuja huku. Owuor alihitimu mwaka 1967, akarudi kwao kuwa wakili wa serikali katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hakuna mwanamke aliyemtangulia katika kazi hiyo. Mwaka 1970 akawa hakimu, tena mwanamke wa kwanza nchini mwake. Mapema miaka ya 1980 akaingia Mahakama Kuu, na mwaka 1998 Mahakama ya Rufani. Hesabu mwenyewe, mama: kutoka kiti cha hakimu hadi kile cha rufani ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa mwaka alioanza uhakimu angekuwa amekwisha kuolewa! Katikati ya safari hiyo, mwaka 1993, alipewa pia kuongoza kikosi kazi cha kupitia sheria za Kenya zinazohusu wanawake.

Tanzania nayo haikukaa nyuma. Julie Manning aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 1973, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Jaji Eusebia Munuo alifika Mahakama ya Rufani, na alikuwa rais wa chama cha majaji wanawake wa dunia kilipokutana Arusha mwaka 2014.

Utasema, hayo ni ya wakubwa, yananihusu nini mimi mwenye shamba la mahindi? Yanakuhusu. Kesi ya ndoa iliyoanzia mahakama za chini huku Mbulu inaweza kupanda hadi Mahakama Kuu, ambayo leo ipo Babati, kisha Rufani. Likisemwa neno huko juu, mahakama zote za chini hulifuata. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif. Bi Hawa alidai kwamba kupika, kufua na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ya Rufani ilikubali. Hata hivyo yeye mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu ilionekana alitapanya fedha alizopewa na mumewe za kufanyia maendeleo. Lakini mlango ulikwisha kufunguliwa, na wake wengi wamepita hapo tangu siku ile. Majaji wote watatu walikuwa wanaume, na haki waliiona. Hilo nalo tuliseme.

Kwa binti wa leo, njia ni shahada ya sheria, kisha Shule ya Sheria, halafu uhakimu au uwakili. Katiba inataka mtu awe na sifa hizo kwa miaka isiyopungua kumi kabla Rais hajamteua kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Aliyemaliza chuo na miaka 24 kwa kawaida hawezi kuufikia ujaji kabla ya miaka thelathini na kitu. Ndoa na watoto, basi, vitamkuta katikati ya ngazi, na ni vema kijana anayekuja kumposa aambiwe hivyo mapema.