Bweni Lisilo na Siku ya Wazazi

Nilipokuja Mbotela kama mwalimu mgeni wa mazoezi, wanachama wa chama hiki walikuwa na wimbo mmoja tu: ati wanaosoma shule za bweni ndio wanaokula raha. Basi siku moja nikawaambia, ngojeni niwaeleze bweni moja lililokaribiana na jina la mtaa huu.

Bweni hilo lilikuwa Uhindi, mahali paitwapo Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Katikati ya karne ya 19 lilikuwa chini ya misheni ya CMS na kasisi W. S. Price. Wanafunzi ninaowasema walikuwa Waafrika. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, na watoto waliokutwa humo wengine waliteremshwa Bombay wakagawiwa misheni.

Na maisha ya kila siku je? Maombi, darasa, karakana. Wavulana walifunzwa useremala na uhunzi, wasichana kushona na kazi za nyumbani. Walizungumza Kiingereza na lugha za Uhindi. Majina nayo wakapewa mapya: Jacob Wainwright, Matthew Wellington, William Jones. Ukiyasikia utadhani ni Wazungu, kumbe Wainwright ni Myao! Wellington naye kwao aliitwa Chengwimbe.

Hapo kijana mmoja wa Kidato cha Pili akauliza, "Mwalimu, na siku ya wazazi ilikuwa lini?" Darasa likacheka. Nikamjibu haikuwako. Mzazi gani angekuja? Kama alikuwa hai, alikuwa ng'ambo ya bahari, hajui mwanawe yuko wapi. Kicheko kikaisha.

Mwaka 1865 Livingstone alifika Nasik akachukua vijana tisa wa safari yake. Njiani akawalalamikia kwa uvivu. (Hata mimi, unitoe kwenye benchi la seremala unitwike mzigo msituni, ungenilalamikia.) Alipofariki 1873, Wainwright, aliyetumwa na kundi la baadaye, ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti. Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza katika Westminster Abbey, London.

Mwaka huohuo Price alikuja Mombasa, na 1875 kijiji cha Freretown kikaanzishwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Watu wa Nasik waliletwa kuwa walimu na mafundi. Walirudi Afrika, sawa, lakini si nyumbani. Myao aliyelelewa Uhindi ni mgeni pia Mombasa. Ukisikia makanga wa Nyali akiita "Kengeleni!", ni kengele ya Freretown hiyo.

Sasa, Mbotela anaingilia wapi? Mzee Mbotela hakusoma Nasik. Alikuwa mmoja wa watumwa waliokombolewa wakakaa Freretown, na jina lake likabaki. Mwanawe James Mbotela aliandika kitabu cha *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa 1934. Tom Mbotela wa ukoo huo, kiongozi katika chama cha KAU, aliuawa Nairobi 1952, na mtaa huu ukapewa jina lake.

Kipindi kikaisha, wote wakakimbilia chakula. Yule kijana alibaki nyuma akaniomba dasta. Ubaoni akafuta "Wellington", akaandika "Chengwimbe", kisha akaniuliza kama ameliandika sawasawa.