Kuhama mfumo wa simujanja

Kuhama mfumo wa simujanja ni kitendo cha mtumiaji kuacha simu yenye mfumo endeshi mmoja na kuanza kutumia simu yenye mfumo mwingine. Mifumo mikuu ni Android ya kampuni ya Google na iOS ya kampuni ya Apple, inayotumika kwenye iPhone. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007, na simu ya kwanza ya Android mwaka 2008.

Mbeya na Iringa, kama kwingineko nchini Tanzania, simu nyingi ni za Android, zikiwemo Tecno, Infinix na itel za kampuni ya Transsion ya China. Kwa kuwa iPhone mpya ni ghali, wapo wanaohamia kwa kununua iliyokwisha kutumika.

Vinavyofuata laini

Namba ya simu na usajili wake kwa alama za vidole haviko ndani ya simu. Vivyo hivyo fedha za M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008, au za Airtel Money hutunzwa kwenye akaunti ya namba husika. Mkulima wa viazi wa Uporoto akihamishia laini yake kwenye simu mpya ataendelea kupokea malipo na kupiga *150*00# au *150*60# kama kawaida. Programu ya benki, hata hivyo, huhitaji kuwekwa na kuthibitishwa upya.

Vinavyobaki kwenye simu

Picha, majina na ujumbe mfupi vinapaswa kuhamishwa. Apple ilitoa programu ya Move to iOS mwaka 2015 kwa ajili ya wanaotoka Android. Mazungumzo ya WhatsApp yalikuwa kikwazo kwa muda mrefu; njia rasmi ya kuyatoa iPhone kwenda Android ilianza mwaka 2021, na ya kutoka Android kwenda iPhone mwaka 2022. Ni lazima namba iwe ileile, na iPhone iwe mpya au iliyofutwa kila kitu. Programu zilizolipiwa kwenye duka la mfumo mmoja kwa kawaida hazihamii mfumo mwingine. Kadi ya kumbukumbu pia haiingii kwenye iPhone.

Anayeondoka iPhone anashauriwa kuzima iMessage kwanza, la sivyo ujumbe kutoka kwa wenye iPhone unaweza usimfikie.

Tahadhari kwa simu iliyotumika

Simu inaweza kuwa imefungwa kwa akaunti ya mmiliki wa awali. Isipofunguliwa naye, mnunuzi hawezi kuitumia. iPhone 14 na zilizofuata zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina nafasi ya kadi ya laini, bali hutegemea eSIM, yaani laini ya kidijiti. Hivyo mnunuzi aulize kwanza mtandao wake kama unatoa huduma hiyo.

Kila simu ina namba tambulishi, IMEI, inayoonekana kwa kupiga *#06#. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi ya kanda jijini Mbeya, ilizizima simu bandia mwezi Juni 2016 kwa kutumia namba hizo.

Kwa sababu hizo, simu ya zamani haifai kuuzwa wala kufutwa kabla ya kuhakikisha kwamba kila kitu kimefika kwenye simu mpya.