Hesabu ya mayai ya mtamba hufungwa kabla hajazaliwa

Mfugaji anayechagua mtamba huuliza habari za mama yake: alitoa maziwa kiasi gani, alizaa kwa mpangilio gani. Afadhali aulize pia kama mama huyo alishiba mimba ilipokuwa changa. Mayai yote ambayo mtamba atayatumia maishani huumbwa akiwa tumboni. Akishazaliwa, haongezewi hata moja.

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280. Kufikia wiki ya tano hivi, kando ya figo za awali za kijusi huchomoza ukingo mdogo, ndio mwanzo wa ovari. Seli za mayai huhamia hapo kutoka nje, kwenye mfuko wa kiini, kisha huongezeka kwa kasi. Erickson, mtafiti wa Marekani aliyezihesabu katika miaka ya 1960, alikuta kilele cha takriban milioni 2.7 kwenye siku ya 110. Ndama anapozaliwa zimebaki kama 68,000. Nyingine zimekufa, nyingi katika miezi miwili tu baada ya kilele hicho. Zilizosalia, kila moja hufunikwa na seli za kuilisha ndani ya kifuko chake.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Ireland ambao kila mfugaji anastahili kuujua. Mitamba walipewa asilimia 60 tu ya nishati ya kuutunza mwili, tangu muda mfupi kabla ya kupandishwa hadi siku ya 110 ya mimba. Ndama wao walizaliwa na uzito wa kawaida, wakakua vizuri. Kwa macho, hawakuwa na kasoro yoyote. Lakini ovari zao, zilipopimwa kwa ultrasaundi, zilikuwa na vifuko vinavyokua pungufu kwa takriban asilimia 60 kuliko vya ndama wa mama walioshiba. Na ng'ombe mwenye vifuko vichache huelekea kushika mimba kwa shida zaidi.

Wengi wetu humwongezea ng'ombe pumba na mashudu miezi miwili ya mwisho, tumbo linapoonekana. Ni sahihi, maana hapo ndama ndipo anapojaza mwili. Ila kwa ovari ya ndama jike, kilele kimeshapita zamani. Basi ndugu mfugaji, ukipandisha ng'ombe kiangazi kinapoingia, mwekee nyasi kavu za kutosha miezi minne ya kwanza, hata kama tumbo lake bado halionyeshi kitu.