"Kipokezi mumunyifu": kukipima na kukieleza

Istilahi "kipokezi mumunyifu cha kinga" humtega mfasiri mara kadhaa. "Kipokezi", kutokana na kitenzi "pokea", ni protini ya seli inayonasa kitu mahususi kinachoifikia. Ngeli ndiyo inayokitenga na "mpokezi", ambaye ni mtu. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambako lugha ya kwanza ya wengi ni Kiiraqw au Kidatooga, lugha zisizo na ngeli za Kibantu, tofauti hiyo ya silabi moja ni rahisi kupita bila kutambuliwa.

"Mumunyifu" hupotosha zaidi. Shuleni neno hili huambatana na chumvi na sukari. Hapa maana yake ni kwamba kipokezi hakijashikamana na utando wa seli, bali kinaelea katika majimaji ya mwili. Mfano ni CD14, kipokezi kilicho juu ya monositi ambacho husaidia kutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Umbo lake jingine huzunguka katika damu. Kwa wataalamu, "mumunyifu" linatosha. Kwa wengine ningeandika "kipokezi kilicho huru katika damu".

Kipokezi hicho hupimwa kwa Elisa, mbinu iliyochapishwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm. Seti ya vitendanishi huja na kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, ambavyo ndani yake imegandishwa kingamwili inayotambua kipokezi. Plazma ikimiminwa, kipokezi hunaswa. Kishimo huoshwa, kisha kingamwili ya pili hushika upande mwingine wa kipokezi kilekile. Kimeng'enya kilichoambatishwa kwayo hubadili rangi ya kitendanishi cha mwisho, na ukali wa rangi hulinganishwa na ule wa sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana.

Kingamwili hapa ni chombo cha kupimia, wala si kinachopimwa. Anayeandika "kipimo cha kingamwili za mtoto" amebadilisha utafiti mzima. Vilevile "kingamwili", protini moja mahususi, isichanganywe na "kinga ya mwili", yaani uwezo mzima wa mwili kujilinda.

Kosa la namna hii huonekana dogo hadi linapoingia katika fomu ya ridhaa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilikuwa kituo cha Tanzania miongoni mwa vituo vinane vya utafiti wa MAL-ED, ulioanza kuandikisha watoto wachanga mwaka 2009. Elisa ilitumika humo kupima protini za kinyesi, ikiwamo mailoperoksidesi. Utafiti wa aina hiyo humtaka mzazi akubali kwanza. Sasa mwandikie mzazi "tutapima kinga ya mwili ya mtoto wako". Nchini Tanzania "kupima", hasa likikaribiana na "damu" au "kinga", hueleweka haraka kuwa ni kupima Virusi vya UKIMWI. Jina la ugonjwa wenyewe limebeba "Upungufu wa Kinga Mwilini". Mzazi anaweza kukataa kwa hofu ya jambo ambalo hakuombwa, au akakubali akisubiri majibu ambayo hayatakuja.

Napendekeza: "Tutachukua damu kidogo ya mtoto ili kujua kiasi cha protini moja inayousaidia mwili kutambua bakteria. Hatutapima Virusi vya UKIMWI." Sentensi ya pili iandikwe tu iwapo ni kweli.